Treni ya mandhari au treni ya kawaida? Mwongozo kamili wa kuvuka milima ya Alps kwa reli

Bila shaka umewahi kuiona picha ile: treni nyekundu inakata kona juu ya daraja refu la mawe, kisha inazama moja kwa moja ndani ya jabali. Daraja hilo linaitwa Landwasser. Liko mashariki mwa Uswisi, karibu na kijiji cha Filisur, lina matao sita na kimo cha mita 65 kutoka bondeni. Anayeiona picha huanza kutafuta tiketi. Majina ya kwanza anayokutana nayo ni Glacier Express na Bernina Express, treni za mandhari zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii, na akiona bei anaifunga simu.

Namwandikia mtu huyo. Juu ya daraja lile lile, kila saa, asubuhi hadi usiku, hupita treni ya kawaida ambayo wenyeji huipanda kwenda kazini na sokoni. Haidai ada ya kiti. Reli ni moja, daraja ni moja, na mlima hauwabagui abiria.

Sisemi kwamba treni za mandhari ni hasara. Nimezipanda, na mojawapo ningeilipia tena nikisafiri na mama yangu. Ninachokataa ni ule ushauri wa jumla kwamba lazima uchukue hii au ile. Amua kila njia peke yake, na uangalie nani anasafiri.

Hatua ya 1: Jua unalipia nini

Treni ya mandhari inakuuzia mambo matatu: kioo kikubwa kinachopanda mpaka karibu na paa, kiti chenye namba yako, na utulivu wa kutoshuka wala kubadili treni. Kuna maelezo ya njia kwa lugha kadhaa, na kwenye Glacier Express chakula huletwa mezani kwako. Madirisha yake hayafunguki.

Usidanganyike na neno "express". Kwetu express ni gari lisilosimama ovyo, linalowahi. Glacier Express yenyewe hujitangaza kuwa ndiyo express ya polepole kuliko zote duniani: kilomita 291 kati ya Zermatt na St. Moritz inazikata kwa takriban saa nane. Hulipii kasi hata kidogo.

Treni ya kawaida ina madirisha madogo kuliko hayo, lakini si madogo. Kwenye reli za mkoa wa Graubünden, baadhi ya mabehewa ya treni hizo bado yana madirisha ya kushushwa, na hapo mpiga picha ndipo anapofurahi, maana hakuna kivuli cha uso wake kwenye kioo. Tiketi yako haina saa maalumu. Unashuka kituo chochote kwenye njia yako, unatembea, unakunywa chai, unapanda inayofuata. Kwa safari ya milimani uhuru huo ni mali kubwa. Wingu likikaa juu ya kilele saa nne, huenda saa sita limeondoka, na mwenye kiti chenye namba hawezi kulisubiri.

Hatua ya 2: Chagua njia kwanza, treni baadaye

*Bernina.* Kama una siku moja tu ya kuvuka Alps, iwe hii. Njia inatoka Chur, inapita Landwasser, inapanda hadi Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka mpaka Tirano, Italia, mita 429. Ukipima kutoka Ospizio, umeshuka zaidi ya mita 1,800. Sehemu ya juu ilikamilika mwaka 1910, na jambo la kushangaza ni kwamba haina reli ya meno, ile inayoshikwa na gurudumu lenye meno ili treni isiteleze: treni inapanda mteremko wa mita saba kwa kila mita mia kwa magurudumu matupu. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka njia yote ya Albula na Bernina kwenye orodha ya urithi wa dunia. (Mkenya anaweza kusema kwa haki kwamba reli ya Timboroa, inayopita juu ya mita 2,700, iko juu zaidi. Ni kweli. Ila Timboroa haishuki hivi.)

Kwenye njia hii ushauri wangu hauna wasiwasi: panda ya kawaida. Bernina Express husimama dakika chache tu Alp Grüm na kuendelea. Ya kawaida inasimama Morteratsch, Ospizio Bernina, Alp Grüm, Poschiavo, Brusio, yaani kila mahali ambapo macho yatakuomba ushuke. Miezi ya joto, hali ya hewa ikiruhusu, baadhi ya treni hizi huvuta mabehewa ya njano yasiyo na paa. Unakaa na upepo wa barafu usoni, harufu ya misonobari inakupitia. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachoweza kukupa hivyo.

*Glacier Express.* Hapa mambo ni magumu zaidi. Kwanza ujue jina lake ni la zamani. Ilipoanza mwaka 1930 ilipita karibu kabisa na barafuto ya Rhone, ule mto wa barafu juu ya mlima. Mwaka 1982 lilifunguliwa handaki la Furka lenye kilomita 15 na ushei, na tangu hapo treni hupita chini ya mlima. Wapo wanaolipa wakitarajia kuigusa barafuto kwa macho, kumbe wanapita gizani. Anayetaka barafuto ashuke Morteratsch, nitaeleza mbele.

Faida yake ya kweli ni kuunganisha. Ukitaka kwenda Zermatt hadi St. Moritz kwa treni za kawaida, utabadili mara tatu au nne: Visp au Brig, Andermatt, Disentis, halafu upande wa Chur. Nafasi ya kubadili huwa ya dakika chache. Kijana mwenye begi la mgongoni hataona taabu. Mtu mzima mwenye sanduku la kilo 23 atachoka kabla ya mchana. Kwa hiyo, kama unataka njia nzima kwa siku moja, na hutaki kuhangaika, lipa.

Lakini si lazima njia nzima. Kati ya Brig na Andermatt kuna bonde la Goms, zuri, lakini la malisho na vijiji vilivyotulia, hutajuta ukilikosa. Utamu uko vipande viwili. Cha kwanza ni Andermatt hadi Disentis, zaidi kidogo ya saa moja, ambapo treni inakamata reli ya meno na kuupanda mlima wa Oberalp mpaka mita 2,033. Cha pili ni Disentis hadi Chur, hasa baada ya Ilanz, ambapo mto Rhine umechimba korongo lenye kuta nyeupe na reli inaambaa chini kabisa, kando ya maji. Hakuna barabara humo. Ukishuka Versam-Safien unaweza kutembea kando ya mto na kusubiri treni inayofuata. Vipande vyote viwili vina treni za kawaida.

*Gotthard.* Tahadhari kubwa ni kwenye njia hii, kwa sababu programu ya simu itakuchagulia treni ya haraka, na treni ya haraka itakupitisha kwenye handaki la kilomita 57 lililofunguliwa mwaka 2016. Utatoka upande wa pili hujaona kitu. Tafuta treni inayoitwa Treno Gottardo, au andika Göschenen kama kituo cha kupitia. Hiyo ni treni ya kawaida kabisa, inapita reli ya zamani ya mwaka 1882, na inapofika kijiji cha Wassen inazunguka ndani ya mlima hivi kwamba kanisa moja jeupe unaliona mara tatu: juu yako, sambamba nawe, kisha chini yako. Gotthard Panorama Express inapita hapo hapo, kwa daraja la kwanza tu, na huanza kwa meli kutoka Luzern hadi Flüelen. Meli hizo za ziwani ni usafiri wa umma. Unaweza kupanda meli kwa tiketi yako, ukashuka Flüelen na kuchukua Treno Gottardo.

*GoldenPass Express*, Montreux hadi Interlaken, imeanza Desemba 2022. Reli za njia hii zina upana tofauti, na zamani kila mtu alishuka Zweisimmen. Sasa treni yenyewe inarekebisha magurudumu yake pale stesheni na kuendelea. Ni fundi wa kweli aliyefikiria hilo. Mwenye watoto au mizigo aichukue. Mwingine abadili Zweisimmen na Spiez kama zamani.

*Luzern–Interlaken Express* haina fumbo: ni treni ya kawaida yenye jina zuri, inachukua karibu saa mbili, haidai uweke kiti. Panda tu.

Hatua ya 3: Tazama nani unasafiri naye

Mama au baba mwenye magoti mabovu: treni ya mandhari, bila kujadili. Kukimbia ngazi za stesheni kutafuta jukwaa jingine si utalii kwake.

Watoto wadogo: ya kawaida. Saa nane ndani ya behewa moja ni adhabu kwao, na wazazi wengine mtaona taabu ya kuwanyamazisha mbele ya watu waliolipia utulivu. Kwenye ya kawaida mnashuka, wanacheza na theluji nusu saa, mnapanda tena.

Mpiga picha: ya kawaida, dirisha linalofunguka. Usitoe mkono wala simu nje. Nguzo na kuta za mahandaki ziko karibu mno. Ukilazimika kupiga kupitia kioo, vaa nguo nyeusi na uibandike lenzi kwenye kioo.

Wawili waliooana juzi: hapo ni moyo wenu. Chakula mezani huku milima inapita ni kumbukumbu nzuri, na sitamzuia mtu.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Hapa ndipo wengi hukosea. Bei ya treni ya mandhari ina sehemu mbili: nauli, na ada ya kiti. Nauli ni sawa na ya treni ya kawaida kwenye njia hiyo hiyo. Ada ndiyo nyongeza, na kadi za wageni haziigusi. Glacier Express hutoza karibu faranga 50 za Uswisi kwa safari nzima, Bernina Express faranga thelathini na kitu, na viwango hubadilika kwa msimu. Familia ya watu wanne kwenye Glacier Express imeshatoa faranga 200 hivi kabla ya nauli, kwa sababu hata mtoto anayesafiri bure hulipia kiti anachokikalia.

Upande wa nauli una njia tatu:

- *Swiss Travel Pass*, kwa wanaoishi nje ya Uswisi, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15. Unapanda treni, mabasi na meli utakavyo. Inakulipa ukisafiri karibu kila siku.
- *Half Fare Card*, kadi ya nusu nauli, hudumu mwezi mmoja. Inakufaa ukiwa na safari ndefu mbili au tatu tu na siku nyingine unakaa kwa ndugu.
- *Saver Day Pass*, tiketi ya siku nzima. Ukiinunua mapema sana huanzia faranga 52 bila kadi yoyote, na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Nauli kamili ya Zermatt hadi St. Moritz daraja la pili inazidi faranga 150, kwa hiyo tofauti ni kubwa mno.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 15 omba Swiss Family Card unaponunua kadi yako. Ni bure, na wakiwa pamoja na mzazi hawalipi nauli.

Daraja la kwanza? Kwenye treni ya kawaida linakupa nafasi na ukimya, na msimu wa watu wengi linasaidia kupata dirisha. Kwenye Bernina Express kioo ni kile kile madaraja yote mawili. Weka pesa hiyo kwenye chakula, maana chakula cha Uswisi kitakushtua. Nunua mkate, matunda na maji kwenye duka la Coop au Migros kabla ya kupanda. Kula ndani ya treni ya kawaida hakuna anayekukataza.

Hatua ya 5: Viza na majira

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, na kibali cha kuishi Uingereza, Oman au Dubai hakikuondolei hitaji hilo. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, na bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Uswisi na Italia zote zimo, kwa hiyo kushuka Tirano si tatizo, ila tembea na pasipoti yenyewe. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa. Namjua aliyefanya hivyo. Viza ilitoka siku mbili baada ya treni yake.

Treni za kawaida hupita mwaka mzima. Glacier Express hupumzika kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba majani ni mabichi na siku ni ndefu. Januari hadi Machi ni theluji tupu, na kwa macho yangu Bernina haina mfano wakati huo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo treni ya alasiri itakuonyesha giza tu. Asubuhi ya safari tazama kamera za mtandaoni za Ospizio Bernina na za Diavolezza, mlima ulio kando ya njia. Ukiona ukungu, mwenye tiketi ya kawaida anaahirisha kwa saa mbili.

Na saa zenyewe: ratiba imeandikwa kizungu. 13:02 ni saa saba na dakika mbili mchana. Yaandike upya kwenye karatasi kwa saa zetu kama unasafiri na wazee, utawaondolea wasiwasi.

Hatua ya 6: Siku ya Bernina kwa treni ya kawaida, tangu asubuhi

Acha sanduku kubwa kwenye kabati la stesheni ya Chur, au lipeleke mbele kama hurudi. Panda treni ya St. Moritz ya karibu saa mbili asubuhi, kaa upande wa kulia kwa kufuata uelekeo wa safari. Baada ya Tiefencastel kuwa tayari: daraja la Landwasser linakuja upande huo, na linapita kwa sekunde chache. Anayetaka kulitazama kutoka chini ashuke Filisur na kutembea kama nusu saa.

Kati ya Bergün na Preda treni inajizungusha kama nyoka ili kupanda zaidi ya mita 400. Kijiji kinaonekana chini, kinapotea, kinarudi dirisha la upande wa pili. Hapo simama usikae.

Panda Bernina ukianzia St. Moritz yenyewe, si Pontresina, kwa sababu ndipo treni inapoanzia na viti vya dirishani bado viko wazi. Kulia tena. Vituo vingine vidogo ni vya kuomba: bonyeza kitufe mapema, la sivyo treni inapita.

Morteratsch ndiko kwenye barafuto. Njia ya miguu inaingia bondeni, na kando yake kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa inafika wapi. Unatembea kutoka kibao hadi kibao, na barafu bado iko mbali mbele yako. Sisi tuliokua tukitazama theluji ya Kilimanjaro ikipungua hatuhitaji kuelezwa. Nilipofika mwisho wa njia ile nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Rudi kituoni, endelea hadi Ospizio Bernina. Kuna maziwa mawili karibu karibu, Lej Nair jeusi na Lago Bianco jeupe kwa unga wa mawe unaoletwa na barafu. Maji ya la kwanza yanaishia Bahari Nyeusi, ya la pili yanaishia Adriatic. Mwenye miguu atembee kando ya Lago Bianco hadi Alp Grüm, kama saa moja na nusu. Alp Grüm haina barabara. Unafika kwa treni au kwa miguu. Kunywa kahawa kibarazani, tazama barafuto ya Palü upande mmoja na bonde la Poschiavo chini kabisa upande mwingine, kule utakapokuwa baada ya dakika arobaini hivi.

Brusio shuka kama picha ni muhimu kwako. Chini kidogo ya stesheni kuna daraja la mviringo la matao tisa, treni inajipita chini yake yenyewe ili kupunguza kimo. Wasioshuka wakae kulia.

Treni inaingia Tirano katikati ya barabara, mbele ya kanisa la Madonna, magari yakiisubiri. Agiza pizzoccheri, tambi za wenyeji zinazopikwa na viazi, kabichi na jibini. Utalipa kwa euro, na kidogo kuliko St. Moritz.

Usijaribu kurudi Chur siku hiyo hiyo kama umeshuka vituo vyote hivi; ni saa nne na zaidi tena. Lala Tirano, au vuka uwanja mdogo hadi stesheni ya Italia iliyo jirani: treni ya Milano inachukua saa mbili na nusu, na sehemu yake inaambaa ziwa Como. Kaa kulia kwa mara ya mwisho, ziwa liko upande huo.